Mikono Kwapani

Mlinzi wa mlangoni alimkatalia kuingia kwenye onyesho lake mwenyewe. Si mara moja, wala si mlinzi mmoja. Na kwa haki ya Mungu, ungekuwa wewe umesimama pale mlangoni ungemzuia pia. Pua ilivunjika ikapinda kushoto, ikavunjika tena ikarudi kulia. Nyusi moja ilikatika katikati, meno mawili ya mbele yalikuwa ya bandia, na taya upande mmoja lilikuwa limeumuka kwa mfupa ulioungana ovyo. "Bondia, umepotea njia," walinzi walimwambia. "Leo hapa ni muziki wa wastaarabu." Naye hakubishana. Alitoa mikono mifukoni akaionyesha, basi. Mikono laini kama ya bibi harusi, isiyo na kovu hata la kisu cha jikoni, na kucha za mkono wa kulia ndefu, zimepigwa msasa mpaka zinang'aa. Mlinzi alibaki anatazama uso, anatazama mikono, kama mtu aliyeletewa viatu vya jozi mbili tofauti. Kisha akampisha.

Watu walimwita Kucha. Kazi yake ilikuwa kupiga gita la klasiki, lile la nyuzi za nailoni, ambalo mpigaji huketi wima, mguu mmoja juu ya kigoda, na kuchomoa sauti kwa kucha zake mwenyewe. Ukucha ukikatika, sauti imekatika. Kidole kikivunjika, mtu akatafute kazi nyingine. Alipiga kwenye kumbi zenye mazulia na viti vya kukunjwa, akapiga ng'ambo, akapiga mbele ya mawaziri waliosinzia na wake zao waliolia. Alikuwa na namna ya kupokezanisha vidole vitatu juu ya uzi mmoja mpaka ukaapa kwamba uzi unalia wenyewe na yeye anaubembeleza tu.

Sasa mtaniuliza, mtu wa muziki wa namna hiyo uso ule aliutoa wapi? Tulieni. Ndiyo hadithi yenyewe.

Baba yake alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu. Akiwa safarini, nyumba ilicheka. Akirudi, hata paka alijua mahali pa kujificha. Alipiga kwa mkanda, kwa kiatu, kwa chochote alichokikuta mkononi, na akikosa kitu alipiga kwa mkono wenyewe, mkono uliozoea usukani mzito. Gita liliingia nyumba ile kupitia kwa mjomba, kaka yake mama, aliyelipitisha siku anahama mji akasema, "Mpe mtoto, litaoza bure." Baba hakumpenda shemeji yake, kwa hiyo hakulipenda gita. Kila aliposikia uzi ukilia alisikia shemeji anamcheka.

Siku moja aliingia, akamkuta mtoto chini sakafuni na gita mapajani. Hakuligusa gita. "Leta hivyo vidole," alisema. "Leta hapa hivyo vidole vinavyokufanya goigoi." Akamshika kifundo cha mkono, akaubana mkono ule kwenye fremu ya mlango, akaushika mlango kwa mkono wa pili. Mama alikuja mbio kutoka uani. Kumtoa mume hakuweza, alikwisha kujaribu miaka na miaka, na mbavu zake zilijua matokeo. Akamrukia mgongoni, na ule mkono ulipolegea kidogo alimpigia kelele mwanawe: "Mikono kwapani! Mikono kwapani, mwanangu! Mpe uso!"

Na mtoto akampa uso. Akakunja mikono, akaificha kwapani, akakaza, akanyanyua kidevu. Pua ilivunjika siku hiyo kwa mara ya kwanza.

Mama gani huyo, mtasema, anamwambia mtoto ampe mtu uso? Mama aliyekwisha kupima, huyo. Baadaye, anamfuta damu kwa kitambaa cha maji ya chumvi, alimwambia maneno ambayo Kucha aliyabeba maisha yake yote kama wengine wanavyobeba sala: "Uso unapona. Kidole hakiponi."

Basi akakua hivyo. Ukimtishia hata kwa kuinua mkono ujikune kichwa, yeye mikono kwapani, kidevu juu. Shuleni waligundua upesi, na watoto hawana huruma. "Kidole kimoja hakivunji chawa," walimwimbia huku wakimsukuma ukutani, "na Kucha ana kumi, havunji hata mmoja!" Nyusi ikakatika huko. Taya likavunjika mtaani, katika ugomvi ambao haukuwa wake hata kidogo. Alikuwa anapita tu, mtu akamfananisha na mwingine, naye badala ya kusema "siye mimi" akanyanyua kidevu. Meno yaliondoka kwa mkupuo mmoja siku baba alipofukuzwa kazi. Na kila aliponyanyuka alifanya jambo lile lile. Alitoa mikono, akaitazama, akahesabu vidole kimoja kimoja. Vyote vipo? Vipo. Haya, maisha yanaendelea.

Alioa. Ndiyo, alioa, na mwanamke mzuri, mwalimu wa hesabu mwenye ulimi mkali na moyo mweupe. Jioni moja wakiwa wanatoka kwenye onyesho lake, watu bado wamejaa barabarani, vibaka wawili walimvamia mkewe wakamnyang'anya mkoba. Mwanamke hakuachia. Walimwangusha, wakamburuza kwenye lami, magoti yanachubuka, anapiga mayowe jina la mumewe. Na mumewe? Amesimama palepale kama nguzo ya umeme, mikono kwapani, kidevu juu, anasubiri kupigwa. Vibaka hata hawakumpiga! Mmoja alimtazama akacheka. Walimburuza mke mpaka kamba ya mkoba ikakatika, wakatokomea nao.

Nyumbani alitaka kumsafisha magoti. Mkewe akauondoa mkono wake. "Nilidhani nimeolewa na mtu," alisema. "Kumbe nimeolewa na vidole kumi." Wiki haikuisha, akarudi kwao. Kucha aliumia, tusimsingizie, alilia kama mtoto. Lakini asubuhi iliyofuata aliketi dirishani na kipande chake cha msasa laini, akazilainisha kucha zake kama kawaida.

Uzee ulipoanza kubisha hodi alipunguza maonyesho, akawa mwalimu. Chuo cha muziki kilimpa chumba ghorofani, juu ya duka la vipuri, chumba chenye viti viwili, vigoda viwili na kioo cha ukutani ili mwanafunzi ajitazame anavyokaa. Na humo ndimo alimoanzisha somo lake la kwanza, ambalo halimo katika kitabu chochote cha muziki. Mwanafunzi mpya akiingia, kabla hajashika gita, Kucha alimsimamisha katikati ya chumba, akazungumza naye mambo ya hali ya hewa, kisha ghafla akamnyanyulia kofi hewani na kukemea: "Kwapani!" Mara ya kwanza wote walifanya kile afanyacho kila binadamu, waliinua mikono kujikinga. "Kosa!" aliwaambia. "Umempa mikono. Uso unapona, kidole hakiponi. Tena!" Na tena, na tena, mpaka mikono ikawa inakimbilia kwapani yenyewe, bila kuulizwa. Wazazi waliongoja nje walidhani ni mazoezi ya kupasha mwili joto. Wengine waliyasifia.

Hakuwahi kumpiga mwanafunzi, hilo nalisema kwa herufi kubwa. Kofi lake liliishia hewani. Alikuwa anawapa alichopewa na mama yake, na alidhani ni zawadi.

Chiriku, binti mwembamba aliyekuwa akiongea tangu ngazi ya chini hadi ya juu bila kuvuta pumzi, aliletwa na mama yake, mshonaji wa nguo. "Shikamoo Mwalimu, samahani tumechelewa, mama alikosea mlango tukaingia kwa watu wa vipuri, mbona una kioo, unajipodoa? Hilo gita lako? Naweza kulishika?" Mama akajifunika uso kwa aibu. Kucha akacheka, jambo lisilotokea mara nyingi, na jina la Chiriku likamganda binti siku hiyohiyo.

Na alipolishika gita, loo! Kuna watu wanafundishwa muziki na kuna watu wanakumbushwa. Alikosea, ndiyo, alikosea sana, lakini alikosea kwa sauti nzuri. Miaka ilivyokwenda, Kucha alianza kumpenda kama mtu anavyompenda mwanawe, na kumtumainia kama mtu anavyoitumainia nafsi yake ya pili. Kila alichokosa yeye, huyu angekipata.

Tatizo lilikuwa nyumbani. Baba wa kambo wa Chiriku alikuwa fundi bodi, mnyoosha mabati ya magari, na kutwa nzima aligonga nyundo. Akirudi alitaka kimya. Sasa mtu anayetaka kimya akipewa mtoto anayeitwa Chiriku, tena mwenye gita, unadhani kitafuata nini? Alianza kwa makelele, akaja kwenye mkanda, akaja kwenye mkono wake mwenyewe, mkono ulioweza kunyoosha mlango wa lori.

"Mwalimu, si uje uongee naye?" Chiriku aliomba siku aliyokuja na mkufu wa alama nyekundu shingoni. "Wewe ni mtu mzima, tena mwanamume. Atakusikia."

Kucha aliuficha uso wake kwenye gita, akijidai anakaza uzi. "Mtu kama yule haongeleshwi, mwanangu. Mwenye nguvu mpishe. Watahini wa kile chuo kikubwa cha ng'ambo wanakuja mwisho wa muhula. Ukifaulu wanakuchukua, unasoma, unakaa hukohuko, humwoni tena. Cha muhimu ufike siku hiyo na mikono mizima. Unanisikia? Mikono tu. Simama hapa. Kwapani!"

Na binti wa watu akasimama, akafanya. Tena. Tena. Hivyo ndivyo alivyomsaidia. Kila alama mpya aliyokuja nayo, Kucha alimwongezea mazoezi. Kilichokuwa mbele yake ni kitu kimoja tu, ile siku ya mtihani, na mikono miwili inayotakiwa kuifikia. Hata ndotoni aliiona ile mikono. Uso wa mwenye mikono, sijui kama aliuona.

Muhula ulikuwa unaelekea ukingoni Chiriku alipopanda ngazi kimya. Ule ukimya peke yake ungetosha kumshtua. Jicho moja lilikuwa limefumba, mdomo umepasuka. Kucha aliruka kutoka kitini. "Mikono! Lete mikono!"

Binti akatabasamu kwa mdomo ule uliopasuka, akanyoosha mikono yote miwili mbele, vidole amevitanua. Alikuwa anajivunia. "Mizima yote, Mwalimu. Alianza na mkanda, nikaiweka kwapani. Akataka kuichomoa, nikabana. Akapiga kichwa, akapiga, akapiga, mimi nimebana tu. Nilifanya vilevile ulivyonifundisha."

Kucha akavichukua vidole kimoja kimoja, akavikunja, akavikunjua, akatazama kila ukucha kwenye mwanga wa dirisha. Akashusha pumzi. "Safi kabisa," alisema. "Hongera, mwanangu."

Hongera! Sikieni hiyo, jamani. Mtoto uso umekuwa kama embe lililoanguka, na yeye anampa hongera.

Chiriku aliketi, akaanza kutega nyuzi, kuziweka sawa sauti zake. Kucha akasimama kushoto kwake kama kawaida yake. "Uzi wa juu umepanda sana," alisema. "Ushushe kidogo." Binti akaendelea kuukaza. "Ushushe, nimesema." Akazidi kuukaza, mpaka uzi ukaanza kulia kwa maumivu. Kucha akazunguka upande wa pili kwa hasira. "Chiriku! Una nini wewe?"

Alishtuka. "Kumbe ulikuwa unasema? Samahani, Mwalimu. Hili sikio la kushoto tangu jana linapiga filimbi. Filimbi tu, haikomi. Nikitega uzi naona kama filimbi ndiyo iko sawa na uzi ndio umekosea." Akasukuma nywele pembeni. Ndani ya sikio kulikuwa na damu iliyokauka.

Kucha alimpeleka kliniki, na daktari wa masikio alichungulia, akabadilisha kifaa, akachungulia tena. Alimpigia kengele ndogo huku na huku. Kisha akaketi. "Ngoma ya sikio imechanika," alisema, "na hiyo ingeweza kupona. Lakini huko ndani zaidi kumeharibika. La kushoto usilitegemee tena. Na hiyo filimbi nayo, nisikudanganye, huenda ukaizoea, lakini haitaondoka. Ulipigwa na nini?"

"Makofi," Chiriku alisema.

"Mengi?"

"Mengi."

"Sasa kitu kimoja sielewi." Daktari alimgeuza taratibu kwa kidevu. "Mtu akipigwa kichwani anainua mikono. Hata mtoto mchanga anainua. Ungeinua hata mmoja, hili kofi lisingekukaa hivi. Mikono yako ilikuwa wapi?"

Chiriku alimtazama Mwalimu.

Kucha alitamani sakafu ipasuke immeze. Aliona aibu ikimpanda kutoka miguuni, na ilipofika kichwani iligeuka hasira, hasira ambayo hakuwahi kuijua kwa sababu hakuwahi kuipa nafasi. Mama yake, baba yake, wale vibaka, wale watoto wa shule, yote yakamjaa kifuani kwa pamoja. Alitoka nje ya kliniki ile bila kuaga. "Mwalimu, unakwenda wapi?" Chiriku alimkimbilia. "Rudi nyumbani kwa mama yako," alisema bila kugeuka. Binti hakurudi. Alimfuata nyuma barabara nzima, anayumba kidogo kwa kizunguzungu cha lile sikio.

Gereji ilikuwa kiwanja cha mchanga mweusi wa oili, magari yamevuliwa milango, mafundi wamelala chini ya mengine. Fundi bodi alikuwa ameinama juu ya boneti iliyolazwa kwenye meza ya chuma, anaigonga. Kucha alimfikia moja kwa moja. "Umemuua sikio!" alipiga kelele. "Umemuua mtoto sikio, mnyama wewe! Leo utanijua!"

Nyundo ilisimama. Fundi bodi alimtazama juu mpaka chini. "Ala! Mwalimu wa vidole." Alijifuta jasho. "Umekuja kunipigia wimbo?" Mafundi wengine wakacheka kutoka chini ya magari.

Kucha akakunja ngumi ya kwanza ya maisha yake, akaivuta nyuma kabisa, na alitaka kuipiga, wallahi alitaka, hakuna alichowahi kukitaka zaidi. Fundi bodi hakufanya lolote ila kuinua mkono wake, polepole, kama anayefukuza nzi. Na mikono ya Kucha ikakimbia. Yenyewe! Ikamponyoka kama panya wawili, ikajificha kwapani, na kidevu kikapanda juu, tayari.

Gereji nzima iliangua kicheko. Fundi bodi hakucheka. Alimpiga ngumi ya pua, ikavunjika tena. Alimpiga ya tumbo, na alipoinama alimpokea kwa goti, meno ya bandia yakaruka mchangani. Alimwangusha, akampiga mateke ya mbavu, ya mgongo, ya kichwa, na kila teke Kucha alijikunja zaidi kuizunguka mikono yake. Kicheko kilikwisha kitambo. "Inatosha, bwana," mmoja alisema. Hakuna aliyesogea.

"Hapana," Fundi bodi alisema, anahema. "Nyumbani kwangu wimbo ni huohuo, mikono, mikono, mikono. Hebu tuione na sisi." Akamnyanyua kwa kola, akamlaza kifua juu ya meza ya chuma, akauchomoa mkono wa kulia kutoka kwapani kama anavyochomoa msumari, akaukandamiza juu ya boneti. Zile kucha ziling'aa juani. Akaokota nyundo.

Kucha alilia. Sauti aliyoitoa haikuwa ya mtu mzima. Hakumwita Mungu wala polisi. "Si mkono!" alilia. "Uso! Nipige uso! Chukua uso!"

Chiriku alikuwa amesimama langoni. Hakupiga kelele wala hakuomba. Alikuja mbio, akapita katikati ya wanaume wote wale waliosimama kama mizigo, akamrukia Fundi bodi na kumpiga ngumi ya jicho kwa nguvu zake zote. Fundi bodi akapepesuka. Akampiga tena, jicho lilelile, na nyundo ikamwangukia mwenyewe mguuni. Akampiga ya tatu kwenye fupa la paji la uso, na hiyo ndiyo iliyosikika. Kulikuwa na sauti kama ya kijiti kikavu, na binti akaanguka magoti, ameushika mkono wake kifuani. Hapo ndipo wanaume walipokumbuka kwamba ni wanaume. Wakamvamia mwenzao, wakamlaza chini, wakamfunga kwa kamba ya kuvutia magari mpaka askari walipokuja.

Hospitalini walimshona Kucha mdomo na nyusi, wakamfunga mbavu. Mikono yake haikuwa na mchubuko. Alikaa kwenye benchi la korido akaikunja mapajani, na kila aliyepita aliitazama, au yeye alihisi hivyo.

Mama yake Chiriku alifika na nyuzi za cherehani zimemganda kwenye nguo, utepe wa kupimia bado shingoni. Alisimama mbele yake. "Wameniambia ulikuwepo," alisema.

"Nilikuwepo, mama."

"Ulikuwepo." Alilirudia neno lile kama anayeonja chakula kilichochacha. Machozi yalimshuka. "Mimi nilimwogopa yule mtu nikasema, angalau kwa Mwalimu mwanangu yuko salama." Akampita, akaingia wodini.

Daktari wa mifupa alitoka na picha mkononi, na kabla hajafunga mlango Kucha alikuwa amesimama. "Vidole? Vidole vyake vipoje?"

"Vidole vinne vitapona," daktari alisema. "Tatizo ni gumba la kulia. Limevunjika mahali pabaya, kwenye kiungo, vipande vipande. Alikunja ngumi akaliweka gumba ndani." Akaonyesha kwa mkono wake mwenyewe. "Hivi. Ukipiga hivi unajivunja mwenyewe. Kila mtoto anayecheza mtaani anajua gumba linakaa nje. Huyu inaonekana hakuna aliyewahi kumfundisha kukunja ngumi. Atashika kikombe, atashika kalamu. Zaidi ya hapo siahidi."

Gumba la kulia ndilo linalopiga nyuzi nene, zile zinazobeba wimbo mzima mgongoni. Kucha hakuhitaji kuelezwa.

Aliingia wodini akichechemea. Chiriku alikuwa amelala chali, mkono umefungwa plasta hadi kiwikoni, macho wazi. Mama yake ameketi miguuni pa kitanda. Kucha alizunguka akasimama upande wa kulia, ili asikike. Alikuwa na mengi ya kusema. Alitaka kumwambia asante, kwamba katika maisha yake yote hakuna mtu aliyewahi kumpigania hivyo, hata mama yake, aliyemrukia baba mgongoni, mwishowe alimpa maneno tu. Alitaka kumwomba msamaha kwa lile sikio, kwa ile hongera, kwa kila "kwapani" aliyomkemea nayo. Vyote hivyo vilikuwa mdomoni, vimepanga foleni. Lakini macho yake yalikuwa kwenye plasta. Yalikwenda kwenye plasta na yakagoma kutoka, na maneno yaliyotangulia kutoka yalikuwa mengine.

"Mwanangu," alisema. "Kwa nini hukuiweka mikono kwapani?"

Mama aliinua kichwa. Chiriku alimtazama Mwalimu wake, akautazama ule uso wote uliovimba, bila haraka, mpaka akamaliza. Kisha akaunyanyua mkono wa plasta usije ukabanwa, akajigeuza ubavu, akalilalia sikio la kulia, lile lililobaki zima.